Barabara Yenye Jina la Wakili: Maisha ya C.M.G. Argwings-Kodhek

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanaharakati na waumini wa Kibera na Kawangware



Sisi tuliotoka Kawangware tumekwenda mjini maelfu ya mara kwa matatu ya namba 46, na kila mara tumepita Hurlingham katika barabara iitwayo Argwings Kodhek. Ndugu zetu wa Kibera nao, wale walio na vibarua vya kufua, kulinda na kujenga katika majumba ya Kilimani, huikanyaga barabara hiyo kwa miguu alfajiri na jioni. Majuma mawili yaliyopita tuliwauliza vijana wa kundi letu, Argwings Kodhek alikuwa nani? Mmoja alijibu kwamba alikuwa mlowezi wa Kizungu. Wa pili alidhani hayo ni majina ya watu wawili. Wa tatu alicheka, akasema ni jina la steji tu. Hatukuwalaumu, kwa maana hata sisi wenye mvi tulilazimika kuulizana na kukumbushana. Ndipo tulipokata shauri kwamba hotuba ya leo iwe juu ya mtu huyo. Nia yetu si kumpamba. Mambo aliyoyapigania, na mambo aliyoshindwa nayo, ndiyo yanayotusumbua mpaka hivi leo kila kijana wetu anapotiwa pingu usiku.

Clement Michael George Argwings-Kodhek, ambaye wengi walimwita kwa herufi tatu tu, CMG, alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Siaya. Alisoma kwa wamisionari wa Kikatoliki pale St. Mary's Yala, akaendelea hadi Makerere, akawa mwalimu. Mpaka hapo, maisha yake yalikuwa kama ya vijana wengine wachache wa wakati ule waliobahatika kupata elimu. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilimpa nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, naye akapelekwa Wales, katika Chuo Kikuu cha Cardiff, ili asomee masomo ya jamii. Angalieni vizuri. Hakupelekwa kusomea sheria. Wakoloni hawakupenda Mwafrika asomee sheria, kwa sababu walijua vyema kuwa mwalimu atafundisha watoto kusoma, mganga atatibu vidonda, lakini wakili atauliza ni kwa mamlaka gani ardhi hii ilichukuliwa. Kodhek alifika huko akageuza njia. Aliingia Lincoln's Inn jijini London, na mwaka 1951 akakubaliwa kuwa wakili.

Alirudi nyumbani mwaka 1952, ule mwaka ambao Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, tarehe 20 Oktoba. Alirudi na mke wake, mwanamke wa Kiayalandi, katika Nairobi iliyogawanywa kwa rangi kama shuka iliyopasuliwa vipande vitatu: huku Wazungu, huku Wahindi, huku Waafrika. Mji wa namna hiyo haukuwa na nyumba iliyokusudiwa familia kama yake. Kazini mambo hayakuwa tofauti. Alifanya kazi kwa muda mfupi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, akaiacha alipoona kwamba mshahara wa Mwafrika ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu mwenye elimu ile ile na kazi ile ile. Wengine wangenyamaza. Tusiwahukumu waliokuwa wakinyamaza, maana njaa ni mwalimu mkali. Yeye alifungua ofisi yake mwenyewe, na hivyo akawa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufanya kazi ya uwakili katika nchi yake.

Sasa twawaomba mkae nasi kidogo katika mahakama za miaka ile, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha habari hii.

Wengi mmesikia juu ya kesi ya Kapenguria, ambamo Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa mwezi Aprili 1953. Katika kesi ile mawakili walitoka kila upande: D.N. Pritt kutoka Uingereza, Chaman Lall kutoka India, H.O. Davies kutoka Nigeria, pamoja na Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh wa hapa hapa Kenya. Dunia nzima ilitazama. Lakini baada ya Kapenguria zilifuata kesi ambazo dunia haikuzitazama. Serikali iliunda mahakama maalumu za hali ya hatari, ikaongeza makosa ya kunyongewa. Mtu akikutwa na risasi moja tu mfukoni, kitanzi. Akilisha kiapo, kitanzi. Akikutwa pamoja na wapiganaji, hata kama yeye mwenyewe hakumgusa mtu, kitanzi. Wanahistoria waliopekua majalada ya kesi hizo wamehesabu watu 1,090 walionyongwa katika vita vile. Hakuna mahali pengine katika himaya ya Waingereza, katika zama zile za mwisho za ukoloni, palipofikia hesabu ya namna hiyo.

Na mitaa yetu haikuwa mbali na mambo hayo. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji wa Nairobi katika ile iliyoitwa Operesheni Anvil. Waafrika walitolewa nyumbani, barabarani na makazini, wakapangwa mistari, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa katika kambi ya kuchujwa pale Lang'ata, mwendo mfupi tu kutoka Kibera. Kutoka hapo walisombwa kwenda Mackinnon Road na Manyani. Kibera yenyewe ilikuwa bado makazi ya wazee wa Kinubi na jamaa zao, waliopewa mahali hapo kwa sababu ya kuutumikia ufalme katika jeshi la KAR. Kawangware nayo ilikuwa sehemu ya Dagoretti, nchi ya Wakikuyu iliyopakana na jiji. Wako wazee katika ukumbi huu ambao baba zao walipitia mistari ile. Hawakuulizwa kosa lao. Mtu aliyefunikwa gunia usoni aliinamisha kichwa, na mwenye kupita mbele yake akawa amekwisha hukumiwa.

Katika wakati kama huo, Mwafrika mmoja alisimama kortini akiwa amevaa joho la uwakili, akawatetea walioshtakiwa kuwa Mau Mau. Alikuwa Mjaluo wa Gem akiwatetea Wakikuyu wa Nyeri na Kiambu na Murang'a. Wakubwa walimwita kwa dharau wakili wa Mau Mau, na watu wa kawaida wakalichukua jina hilo hilo wakalifanya sifa. Twalisema hili kwa mkazo, kwa sababu miongoni mwetu, hata ndani ya makanisa yetu, bado wako wanaodhani kwamba mateso ya kabila moja hayawahusu makabila mengine. Wakati wa uchaguzi wa 2007 na miezi iliyofuata tuliona katika Kibera na Kawangware jirani akimchomea jirani nyumba. Kodhek asingeielewa Kawangware ya Januari 2008.

Wapenzi waumini, mwakumbuka habari ya Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 21. Twapenda kuihubiri kama habari ya shamba lililonyang'anywa, na ni kweli. Lakini tazameni jinsi lilivyonyang'anywa. Nabothi hakuuawa gizani na wanyang'anyi. Baraza liliitishwa, wazee wakakaa, mashahidi wawili wakaletwa, hukumu ikatolewa, na mawe yakarushwa kwa kufuata utaratibu. Kila kitu cha mahakama kilikuwapo isipokuwa mtu mmoja, yaani mtu wa kusimama upande wa Nabothi akawauliza wale mashahidi maswali. Mahakama za hali ya hatari zilijua siri hiyo. Nazo mahakama za nyakati zetu, ndugu zetu, haziijui? Tutarudi hapo.

Tuje sasa kwenye siasa, maana hili ni jarida la mageuzi na wasomaji wake hawatatusamehe tukipita njia ya pembeni.

Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwezi Juni 1953. Kwa miaka miwili Mwafrika wa Kenya hakuwa na chama chochote cha siasa. Mwezi Juni 1955 serikali ililegeza kamba kidogo, ikasema Waafrika waweza kuunda vyama, lakini kila chama kikae ndani ya mipaka ya wilaya yake, na Mkoa wa Kati usiwe na hata hicho. Mwishoni mwa mwaka huo Kodhek alitaka kuunda chama cha nchi nzima, akakiita Kenya African National Congress. Serikali ilikataa kukiandikisha. Neno lililowaudhi lilikuwa moja tu, National. Akalazimika kulifuta na kuandika jina la wilaya, na hivyo kikazaliwa chama cha Nairobi District African Congress.

Hebu tulitafakari hilo. Twazoea kusema kwamba Waafrika hawawezi vyama vingi kwa sababu vyama vyao hugeuka vya kikabila. Rais Moi aliturudia maneno hayo miaka ya 1990 na 1991 mpaka yakawa kama wimbo wa redioni. Lakini ni nani aliyeandika katika kanuni kwamba chama kisivuke mpaka wa wilaya, wakati mipaka ya wilaya nyingi ilikuwa imechorwa kufuata makabila? Mombasa ikawa na chake, Nyanza ya Kati ikawa na chake, Taita ikawa na chake. Viongozi wakajifunza siasa kila mmoja ndani ya zizi lake. Ruhusa ya vyama vya nchi nzima ilipopatikana mwaka 1960, KANU na KADU vilijengwa kwa matofali yale yale ya wilaya. Sisi hatusemi kwamba kosa lote ni la mkoloni. Miaka zaidi ya 60 imepita, na matofali mengine tumeyafyatua wenyewe. Twasema tu kwamba mtu wa kwanza aliyetaka kujenga chama cha Wakenya wote baada ya KAU alikuwa mwanasheria, na alizuiwa kwa sheria.

Mwezi Machi 1957 Waafrika walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Msidhani ulikuwa uchaguzi kama tunaoujua. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, mshahara, mali na utumishi wake, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura mbili au hata tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza kuwa na cheti cha utii kwa serikali, kwa hiyo wale ambao Kodhek aliwatetea mahakamani wengi wao hawakuwa hata na haki ya kumpigia kura. Katika Nairobi alishindana na kijana wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza miaka 27. Mboya alishinda kwa kura zisizofika 400. Alikuwa mpangaji hodari zaidi, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa na matawi mahali ambapo Congress ilikuwa na hotuba tu. Sisi wanaharakati tulio hodari wa hotuba tulitie hilo moyoni.

Miaka iliyofuata twaipita haraka. Uhuru ulipokaribia, Kodhek alikuwa KANU, na katika uchaguzi wa 1963 watu wa Gem walimpeleka bungeni. Aliingia serikalini ngazi kwa ngazi, akawa Waziri wa Mali ya Asili, na hatimaye akashika Mambo ya Nje.

Hapa ndipo penye uzito, na tusipopasema tutakuwa tumewadanganya. Mwezi Aprili 1966 Oginga Odinga aliacha umakamu wa rais akaingia chama kipya cha KPU, na wabunge kadhaa wakamfuata. Serikali ilibadilisha katiba kwa haraka ili kila aliyehama chama apoteze kiti chake arudi kwa wapiga kura. Mwaka huo huo ilijirudishia uwezo wa kumtia mtu kizuizini bila kesi, na kufikia Agosti watu wa KPU walikwisha anza kufungiwa. Bila kesi, ndugu zetu! Bila shahidi, bila hakimu, bila wakili. Kodhek alibaki KANU, na alibaki serikalini. Yule aliyesimama kortini mwaka 1954 kumtetea mtu aliyekutwa na risasi moja, sasa aliketi upande wa meza unaotia sahihi.

Tulibishana sana katika kundi letu juu ya jambo hili. Wako waliosema kwamba alibaki ili atetee haki kutoka ndani, na kwamba nchi changa ilihitaji mawaziri wenye akili. Wako waliosema kwamba cheo kilimlewesha. Sisi twaona kwamba mtu aweza kuwa shujaa kwa kweli katika sehemu moja ya maisha yake na asiwe shujaa katika sehemu nyingine, na kwamba sehemu ya pili haifuti ya kwanza.

Tena si yeye peke yake. Marekani walikuwa na wakili mmoja, John Adams, wa mji wa Boston. Tarehe 5 Machi 1770 askari wa Kiingereza waliufyatulia risasi umati wa watu wa mji huo wakaua watano. Mji mzima ulitaka damu. Adams, ambaye mwenyewe alikuwa akiupinga utawala wa Uingereza, alikubali kuwatetea askari wale, akasema kortini yale ambayo mji haukutaka kuyasikia. Kapteni wao aliachiliwa, na kati ya askari wanane, sita waliachiliwa na wawili wakapatikana na kosa la kuua bila kukusudia. Ni habari inayofundishwa mpaka leo katika vyuo vya sheria. Lakini Adams huyo huyo akawa rais mwaka 1797, na mwaka 1798 alitia sahihi sheria ya uchochezi iliyowapeleka jela waandishi wa magazeti kwa kumkosoa. Wapiga kura walimwondoa katika uchaguzi wa 1800, na sheria ile ikafa. Marekani haikuokolewa na wema wa wakili aliyegeuka mtawala. Palikuwa na chama kingine cha kupigiwa kura. Kenya ya 1969 ilikuwa karibu kukipoteza chake.

Tarehe 29 Januari 1969 Argwings-Kodhek alikufa katika barabara ya Hurlingham, ile ile ambayo baadaye ilipewa jina lake. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Minong'ono kwamba alipigwa risasi ilianza mapema, na wako walioyasema hayo hadharani baadaye, wala haikuwahi kunyamaza. Sisi hatuna mizani ya kupimia jambo hilo, na hatutalitumia kuwasha moto. Lakini twafahamu kwa nini watu wa nchi hii wakiambiwa "ajali" huangalia chini. Ronald Ngala alifariki mwaka 1972 baada ya ajali ya barabarani. Askofu Alexander Muge alifariki barabarani tarehe 14 Agosti 1990, siku chache baada ya kutishwa hadharani na waziri. Na Waziri mwingine wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa mwezi Februari 1990, na tume zikakaa, na kamati zikakaa, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Kiti cha Gem kikabaki wazi. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo 1969 watu wa Gem walimchagua Wasonga Sijeyo wa KPU, wakaiacha KANU. Mwezi Julai Mboya aliuawa kwa risasi mchana katikati ya Nairobi. Mwezi Oktoba risasi zililia Kisumu mbele ya Rais Kenyatta, watu wakafa, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na wabunge wake wakatiwa kizuizini, Sijeyo akiwa mmojawapo. Hivyo mtu aliyekalia kiti cha wakili wa kwanza wa nchi hii alifungiwa miaka bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kutoka hapo mpaka kifungu cha 2A cha mwaka 1982 kilichoifanya Kenya kuwa ya chama kimoja kwa sheria, na mpaka kifungu hicho kilipofutwa mwezi Desemba 1991, mwaijua njia wenyewe, na wengine mna makovu yake. Mwawakumbuka pia mawakili waliosimama wakati ule, akina John Khaminwa, Gibson Kamau Kuria, Gitobu Imanyara, Martha Karua, na jinsi baadhi yao walivyotiwa ndani kwa kuwatetea waliotiwa ndani.

Sasa turudi kwa Nabothi.

Katiba tuliyoipigania tuliipata tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 49 chasema aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili, afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa au siku za kazi za korti, naye apewe dhamana ila kukiwa na sababu nzito za kumnyima. Kifungu cha 50 chasema mshtakiwa ana haki ya kupewa wakili na serikali, kwa gharama ya serikali, ikiwa bila hivyo atadhulumiwa vikubwa. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba mwenye kushtakiwa kwa kosa la kunyongewa anastahili wakili huyo. Mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria. Kwenye karatasi, ndugu zetu, hatudai tena.

Lakini mwajua jambo lililodumu katika nchi hii kwa miaka mingi? Mtu akishtakiwa kwa mauaji, kesi yake husikizwa katika Mahakama Kuu, na serikali humtafutia wakili. Mtu akishtakiwa kwa wizi wa kutumia nguvu, ambao adhabu yake katika vitabu ni kifo vilevile, kesi yake husikizwa na hakimu wa mahakama ya chini, na kwa miaka hiyo yote serikali haikumpa wakili yeyote. Kitanzi kimoja, lakini mmoja ana mtetezi na mwingine hana. Na ni vijana wa wapi wanaoshtakiwa kwa kosa hilo la pili? Ni wa kwetu. Ni kijana aliyenyakua simu akiwa na mwenzake, au hata asiyenyakua chochote, ila alikutwa akirudi nyumbani usiku katika njia iliyopita mnyakuzi.

Mwaka jana kijana mmoja wa jumuiya ndogo ya kanisa letu alikamatwa Ijumaa jioni akitoka kibaruani. Hatutakitaja kituo wala korti, kwa sababu kesi yake ya rufaa ingali inaendelea. Alikaa seli mpaka Jumatatu. Alisomewa shtaka kwa Kiingereza, likafasiriwa kwa Kiswahili cha haraka. Askari mmoja alikuwa amemwambia kwamba akikubali atapigwa faini ndogo aende nyumbani. Akakubali. Mamake, muuza mboga, alifika kortini saa tano akiwa na shilingi mia tisa kwenye leso, akakuta mwanawe amekwisha hukumiwa miezi 18 na gari la jela limeondoka. Alituuliza swali moja ambalo hatukuweza kulijibu: "Ninyi mliokuwa mkihubiri haki, mlikuwa wapi saa tatu asubuhi?"

Mama huyo alisema kweli. Tulikuwa katika semina.

Tangu siku hiyo tumefanya mambo machache. Tumekwenda kwa Kituo cha Sheria, ambacho kimewasaidia maskini tangu mwaka 1973, tukafundishwa jinsi ya kuandika maelezo ya mtu aliyekamatwa. Tumezungumza na mawakili vijana, baadhi yao wale wale waliozunguka vituo vya polisi usiku wa Juni na Julai 2024 kuwatafuta waandamanaji waliokamatwa, nao wamekubali kupigiwa simu. Wanasema tatizo lao si moyo wa kuja. Tatizo ni kwamba habari huwafikia baada ya mtu kukubali mashtaka. Anayehitajika ni mtu wa kuwa pale mapema. Si lazima awe amesoma sheria. Ni mtu wa kukaa kwenye benchi la Mahakama ya Kibera kuanzia saa mbili na nusu, akiwa na daftari na simu, aandike majina ya waliopandishwa kizimbani kutoka mitaa yetu, awaambie jamaa zao, ampigie wakili, na kumwambia mshtakiwa neno moja kabla hajaitwa: usikubali usilolitenda.

Tuna watu wanane mpaka sasa, watano wa Kibera na watatu wa Kawangware, na wanapokezana siku. Jumatatu ndiyo siku ngumu, kwa sababu waliokamatwa mwisho wa juma huletwa wote pamoja, nao wanane hao hawatoshi. Tunahitaji wanne zaidi, ikiwezekana wawili wawe akina mama, kwa maana wasichana wanaokamatwa hawapendi kutusimulia sisi wanaume. Nauli tutawarudishia kutoka kwa sadaka ya Jumapili ya pili, kama baraza la kanisa lilivyokubali. Daftari la kujiandikisha liko juu ya meza iliyo karibu na mlango, na kalamu imefungwa kwa uzi.